Nilifika Gereji na Boksi Mkononi

Mzee, fundi wangu, aliishika diski ya klachi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana, akaipeleka puani. Akanusa. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya uso wake uliokuwa mweusi tii, akaninyooshea kile kidole.

"Hii nini?"

"Masizi," nikasema.

"Nusa."

Nikanusa. Ilikuwa oili.

Hiyo ni Jumamosi, saa tisa alasiri, Nyakato, Mwanza, chini ya mwembe ambao ndio gereji yenyewe. Giaboksi ilikuwa imelazwa juu ya tairi bovu. Injini imebaki ndani ya gari, mgongo wazi. Na juu ya kiti cha plastiki, ndani ya boksi ambalo selotepu yake sikuwa nimeimaliza kuikata, kulikuwa na klachi mpya ya seramiki iliyonigharimu mabati ya vyumba viwili.

Wiki sita zimepita. Gari linatembea. Lakini ile harufu bado naisikia.

Mlima wa Bugando

Ilianzia kwenye mlima wa Bugando, nikimpeleka shangazi kliniki. Gia ya tatu, nikakanyaga mafuta kidogo, na mshale wa mzunguko wa injini ukaruka kutoka 3,000 hadi karibu 5,000. Injini ikapiga kelele. Gari likabaki na mwendo wake ule ule wa kwenda msibani. Nyuma yangu daladala ikaanza honi.

"Limechoka hili," shangazi akasema. "Tushuke?"

Hakuna aliyewahi kuwa na gari la gia za mkono asiyejua maana ya hiyo. Klachi inateleza. Kwa nini inateleza, hapo ndipo nilipojipendelea.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX, sedani ya mwaka 2000. Huko Japani ilitoka kiwandani na nguvu farasi 250. Mimi nikabadilisha egzosi, nikaongeza busti kidogo, yaani msukumo wa hewa ya turbo, nikaweka filta ya hewa ambayo kazi yake kubwa ni kupiga mluzi. Sijawahi kulipima popote, ila kijiweni nilikuwa nasema 300. Ukishasema 300 mara kumi unaanza kuamini. Kwa hiyo klachi ilipoteleza, jibu nilikuwa nalo tayari, na lilikuwa tamu: klachi ya kiwandani imeshindwa na nguvu zangu.

Nguvu zangu, wala si za gari. Nimeona hilo sasa hivi nilipoandika.

Usiku wa hesabu

Nilisoma usiku nne mfululizo, mama watoto amelala. Nitaieleza kwa ufupi maana najua wengi wenu mnaijua kuliko mimi. Klachi, ukiivua majina ya madukani, ni diski moja iliyobanwa kati ya vyuma viwili: flaiwili inayozungushwa na injini, na presha plati yenye springi ya duara inayoibana. Mzigo inaoweza kubeba kabla ya kuteleza unategemea springi inabana kwa nguvu kiasi gani, uso wa diski unang'ang'ania kiasi gani, na uso huo uko mbali kiasi gani na katikati. Diski ya WRX hii ina kipenyo cha milimita 230, na huwezi kuipanua kwa sababu nyumba yake ni ile ile. Kwa hiyo watengenezaji wanacheza na mawili yaliyobaki. Wanakupa springi ngumu zaidi. Au wanaondoa ule utando laini wa kawaida na kukuwekea vidonge vya seramiki iliyochanganywa na unga wa metali, vinavyouma kwa ukali na kustahimili joto ambalo utando wa kawaida ungeungua.

Mimi nilichukua vyote viwili. Springi ngumu, vidonge sita.

Hasara zake nilizisoma pia: pedali nzito, gari kuruka wakati wa kuondoka, kutetemeka kwenye foleni. Nilizisoma jinsi tunavyosoma masharti ya mkopo wa kwenye simu.

Lakini katika hesabu ile yote, nguvu ya springi, ung'ang'anizi, umbali kutoka katikati, hapakuwa na mahali palipoandikwa oili. Ukipaka oili kwenye uso wa diski, ung'ang'anizi unaanguka, na hesabu nzima inaanguka nayo, uwe na farasi 300 au uwe na 60.

Kuishusha

Tulianza saa mbili asubuhi. Jeki ya giaboksi hatuna. Tuna jeki moja ya kawaida, gogo la mti, na spanaboi wawili wenye migongo mizuri.

Juu ya giaboksi inakaa intakula, lile dude la kupoza hewa ya turbo. Mafundi wetu wanalitamka hivyo hivyo, na nimeacha kuwasahihisha, maana kwa hela ilizokwisha kula jina limekaa vizuri. Ikatoka. Likafuata bomba la egzosi, propela shafti ya kwenda nyuma, ekseli za mbele. Mzee alikuwa kwenye stuli, hashiki kitu, anataja tu namba za spana kabla kijana hajaomba.

Ilipofika saa sita bolti zote zinazoshika giaboksi kwenye injini zilikuwa chini, zimepangwa kwenye kifuniko cha ndoo. Vijana wakavuta. Giaboksi ikaachia sentimita tatu hivi, ikagoma. Wakatikisa. Ikagoma. Mmoja akaenda kuchukua mtaimbo.

"Acha," Mzee akasema. Hakupandisha sauti. "Kitu kikikataa, tafuta kinachokishika."

Akainuka, akaingia chini ya boneti, akaonyesha kizibo kwenye ganda la giaboksi. Hizi Subaru za turbo za miaka ile beringi ya klachi haisukumi, inavuta, na imejifunga kwenye presha plati. Uma unaoivuta umeshikiliwa na kipini kilichojificha nyuma ya kizibo hicho. Unafungua kizibo kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10. Unachukua bolti nyembamba ya milimita 6, unaikaza ndani ya kipini, halafu unakitoa chote kama unavyong'oa msumari. Uma ukawa huru. Giaboksi ikateleza ikatoka kama droo ya kabati.

Mtaimbo ungepasua ganda. Yule kijana aliurudisha mahali pake bila kusema kitu, nami nikacheka peke yangu, mjinga wa saa sita mchana asiyejua ya saa tisa.

Hukuja kuuliza

Baada ya kidole cha oili, Mzee alimulika nyuma ya injini kwa tochi ya simu. Sili ya krenki, ile pete inayozuia oili isitoke, ilikuwa imetoa jasho kidogo. Tatizo lenyewe lilikuwa pembeni yake, kwenye kile kifuniko kidogo kinachotenganisha oili na mvuke wake. Injini nyingi za Subaru za miaka hiyo zilitoka nacho kikiwa cha plastiki. Plastiki ikipigwa na joto la injini miaka zaidi ya ishirini inapinda, na oili inaanza kuchungulia, tone kwa tone, inashuka nyuma ya flaiwili na kurushwa ndani. Baadaye wakatengeneza cha chuma. Changu kilikuwa bado cha plastiki, na michirizi yake ungeifuata kwa kidole mpaka chini.

Utando wa diski ulikuwa bado mnene. Mzee aliupima kwa kucha kutoka usoni hadi kwenye ribiti.

"Hii haijaisha," akasema. "Imelewa."

Vijana wakacheka. Mimi sikucheka.

Kifuniko cha chuma na sili mpya, vyote viwili, havikufika sehemu ya kumi ya bei ya boksi langu. Pamoja na diski ya kawaida mpya bado ningebaki na mabati ya chumba kimoja na nusu.

"Mzee, mbona hukuniambia?"

Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Aliendelea kuifuta, kidole kimoja kimoja, mpaka nikadhani hakusikia.

"Hukuja kuuliza," akasema. "Ulikuja kufungiwa."

Tukaifunga

Ningependa kuwaambia kwamba pale nilifunga boksi na kulirudisha kwa muuzaji. Mzee mwenyewe alipendekeza: tuweke diski na presha plati za kawaida, zingetosha kwa gari hili, kwa barabara hizi. Boksi lilikuwa halijachakaa.

Lakini vijana walikuwa wananiangalia. Majirani wa gereji, wale wa Mark II na Altezza, walikuwa wamesogea kuona seramiki. Mmoja alishaipiga picha. Hapo nikapata hoja moja ambayo hata leo sijui niiite akili au kiburi: kwamba giaboksi kuishusha ni kazi ya siku nzima, na kama ipo siku nitaongeza busti zaidi, afadhali niwe nimeshafunga.

"Funga hiyo hiyo," nikasema.

Mzee hakubisha. Aliuliza swali moja tu, akiwa amekwisha kuinama: "Sawa. Klachi haitateleza. Sasa siku nguvu ikizidi, kiteleze nini?"

Nikadhani ni utani.

Kazi yenyewe aliifanya kwa mkono wake, hakumwachia kijana, na nilisimama karibu kiasi cha kumziba mwanga mara mbili. Flaiwili ilikuwa imerudi kutoka kwa fundi wa kukereza ikiwa imesawazishwa, madoa yake ya bluu ya joto yametoka. Akaiosha, akaifuta, akaiosha tena. Presha plati mpya inakuja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Akayatoa yote kwa kitambaa safi kabisa, kisha akakitupa kile kitambaa mbali, asije mtu akakitumia tena. Kwenye meno ya shafti ya giaboksi alipaka grisi chembe tu, kwa ncha ya bisibisi, halafu akafuta nusu yake. Diski akaiweka katikati kwa kile kipini cha plastiki kinachokuja ndani ya boksi. Bolti akazikaza kwa kupishana, hii halafu ile ya mkabala, kidogo kidogo, ili presha plati ishuke ikiwa sawa.

Mwisho akaenda kwenye kontena akarudi na kitu kilichoviringishwa kwenye kipande cha kanga. Spana ya kupimia mkazo. Ilikuwa imetunzwa kuliko kitu chochote pale, pengine kuliko yeye mwenyewe. Alikaza, ikalia tiki, akahamia nyingine, tiki. Alipomaliza akairudisha mpaka namba ya chini kabisa, springi yake ipumzike, akaiviringisha tena.

Sikuwahi kujua anayo. Miaka minne.

Gari lisilo na labda

Kutoka gereji lilinizimikia mara tatu mbele ya kijiwe cha bodaboda. Ya tatu wakapiga makofi.

Seramiki haina katikati. Unaachia pedali, hakuna kitu, hakuna kitu, halafu kila kitu. Ukiiachia taratibu inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza. Ukiiachia haraka shingo inarudi nyuma. Kubalansi mlimani, ule ufundi wa kulishikilia gari kwa klachi tuliojisifia nao tangu chuo cha udereva, sahau. Navuta breki ya mkono kama mwanafunzi. Na maelekezo yanasema izoeshwe kwanza, kilomita 800 hivi za mjini bila kuikamua, yaani nilinunua klachi ya mashindano ili nikae nayo kwenye foleni ya Mabatini, gia ya kwanza, gia ya pili, neutro, goti la kushoto linalia.

Uzuri wake nao niuseme, nisiwe mnafiki. Kilomita zilipotimia nilikwenda Sengerema kwa Daraja la Magufuli. Tangu lifunguliwe Juni 2025 bado sijazoea kupita juu ya maji ambayo nilikuwa nayasubiria kivuko Kigongo saa nzima. Juu ya daraja nilitulia, upepo wa ziwa unasukuma mlango. Ila baada ya Busisi, kwenye mlima mmoja mtupu, gia ya tatu, nikakanyaga. Mshale na gari vikapanda pamoja, vimeshikana. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari. Mtu mzima.

Mama watoto aliliendesha wiki iliyofuata kwenda Mwaloni, Kirumba, kuchukua dagaa. Nilimpa maelekezo ya dakika kumi. Aliondoka bila kuzima, bila kuruka, akarudi, akanirudishia funguo.

"Siku hizi gari lako halina labda," akasema. "Ni ndiyo au hapana."

Nikaona ndio wakati. Nikamweleza yote: oili, kifuniko cha plastiki, bei ya kifuniko, bei ya boksi. Yeye alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, anatoa mawe. Mabati yale tulikuwa tumepanga ya msauzi, kwa nyumba ya Buhongwa. Alinyamaza kitambo.

"Kwa hiyo chumba cha watoto kiko chini ya gari."

Akaendelea na dagaa.

Wiki ya tatu

Kwa wiki mbili za mwanzo nilikuwa na hasira na Mzee. Nilijenga kesi nzima kichwani. Fundi wa umri ule, ameona Subaru mamia, nakuja kumwambia klachi inateleza, anashindwaje kusema ngoja kwanza tuangalie? Nilimweleza rafiki yangu mmoja hiyo kesi na akanipa ushindi.

Wiki ya tatu, usiku, umeme umekatika, nikakumbuka.

Ilikuwa sevisi ya miezi kadhaa nyuma. Mzee yuko chini ya gari juu ya kiroba kilichopasuliwa, miguu tu inaonekana. Akasema, "Hapa katikati ya injini na giaboksi pana unyevu wa oili. Siku tukiishusha tuangalie." Nami nikajibu, kwa sauti ya kutafuta kicheko, "Mzee, Subaru zote zinavuja. Ikiacha kuvuja ujue oili imeisha."

Watu walicheka. Mzee naye alicheka, huko chini.

Alikuwa ameniambia. Na siku ile ya kidole, mbele ya vijana na watu wa Mark II, angeweza kusema nilikwambia. Alichagua sentensi nyingine.

Hata hivyo kesi yangu haijafa yote. Bado naona fundi angeweza kushikilia zaidi. Ila nikijiuliza ningemlipa nini kwa kushikilia, sina jibu. Hapa kwetu fundi analipwa kwa kufunga, halipwi kwa kuangalia. Kufunga klachi kuna bei. Kulala chini ya gari nusu saa na tochi na kusema "klachi haina shida" hakuna bei, na ukidai hela ya hiyo kesho mteja hayupo. Mteja akija na spea yake mkononi, hata ile faida ndogo ya spea imekwenda. Kimebaki nini? Mikono. Nilikodi mikono yake miaka minne nikadhani nina fundi.

Daktari namlipa kunipima hata akinikuta mzima. Gari sijawahi.

Gia ya tatu

Wiki iliyopita gari limeanza kulia. Gia ya tatu, ukiwa unapanda, mlio mwembamba kama mbu sikioni. Ukiachia mafuta unapotea.

Wenye WRX za gia tano mmeshajua ninachoogopa. Giaboksi hizo zinajulikana dunia nzima kwa udhaifu wa meno ya gia ya tatu. Klachi ya kawaida ilikuwa inateleza kidogo nguvu ikija kwa kishindo, kama fyuzi inayokatika kabla nyumba haijaungua. Mimi nimetoa fyuzi nikaweka msumari. "Kiteleze nini?" aliniuliza, nami nikadhani ni utani.

Usiku ule ule nilikuwa kwenye simu. Giaboksi ya gia sita ya STI, ndugu mkali wa WRX, ile ngumu. Muuzaji mmoja akanitumia picha sita, za kila upande, na bei. Nikaanza kupiga hesabu ya nini kiuzwe. Saa saba nikajikuta nimeandika kwenye karatasi tarehe ya kuishusha.

Jumamosi asubuhi nikaenda Nyakato. Mzee alikuwa kwenye stuli, anakunywa chai.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu, mzee. Linalia gia ya tatu. Nimekuja usikilize. Na ya kusikiliza nitailipa."

Aliniangalia kidogo, akamalizia chai, akamwaga machicha mizizini mwa mwembe. Akaingia upande wa abiria, akazima redio, akapandisha kioo. Tukatoka kuelekea Igoma. Simu yangu ikatetemeka juu ya dashibodi, na sote wawili tukausoma ujumbe: *Mzigo bado upo boss, kuna mtu anautaka, nikuwekee?*

Nikaigeuza simu kifudifudi.

"Weka tatu," Mzee akasema, akafumba macho.